Elgon za Ziada

Mpwa wangu anatengeneza mchezo wa kompyuta hapa Jinja: dereva wa taksi anapakia abiria, anapita Iganga na Tirinyi, anawashusha Mbale. Taksi, abiria na hata matusi ya kondakta viliisha upesi. Ikabaki nchi yenyewe, zaidi ya kilomita 130, na kompyuta ni ya mtumba.

Dawa aliyoipata ni ya zamani. Mwaka 1980 Loren Carpenter, aliyekuwa akifanya kazi Boeing, aliitumia kutengeneza filamu fupi, Vol Libre, ya kuruka juu ya milima isiyokuwepo popote. Unachukua pembetatu, unainua au kushusha katikati ya kila upande kwa kubahatisha, zinazaliwa pembetatu nne. Nazo unazifanyia vilevile, kwa kiasi kidogo zaidi, mpaka uchoke. Kompyuta haichoki. Hiyo ndiyo fraktali, na aliyewahi kupanda Wanale anaijua: kijifereji unachokiruka njiani kina sura ileile ya bonde unaloliona kule chini.

Kijana akatengeneza kigae kimoja cha ardhi, mlima Elgon ukiwa ndani yake, akakipanga tena na tena, ubavu kwa ubavu. Taksi ilifika Iganga ikatumbukia genge la mita mia tatu: kingo za vigae hazikukutana. Fundi cherehani angemwambia mapema kwamba maua ya kitenge hukutanishwa kwenye mshono. Akalazimisha ukingo wa kulia ufanane na wa kushoto, wa juu na wa chini. Genge likaisha, akaja shemeji.

Shemeji yangu ni Mgisu, na barabara hiyo ndiyo inayomlisha. Aliendesha kimya. Iganga: Elgon. Namutumba: Elgon. Tirinyi, kwenye vinamasi vya Mpologoma, ambako hata kichuguu huonekana toka mbali: Elgon.

"Shemeji," akaniambia mimi, maana kijana hakustahili hata kuulizwa, "mlima wetu una mita 4,321. Nyinyi Wasoga mliuomba lini?"

Nile nayo ikatutia aibu. Fraktali haijui maji. Inachimba mashimo ovyo, hayana pa kutokea. Mto ambao Speke aliuona ukitoka ziwani mwaka 1862, kwetu ulitoka hatua chache, ukagonga kilima, ukageuka bwawa. Jinja tuna mabwawa ya kutosha, la Owen Falls tangu 1954 na la Bujagali tangu 2012. Kwa maoni yangu, kuumba mlima ni kazi nyepesi. Kinachotoa jasho ni kuuzuia usizaliane.

Mwishowe akachukua vigae vya kweli. Februari 2000 chombo cha anga Endeavour kilipima kwa rada sehemu kubwa ya nchi kavu duniani, na vipimo hivyo hutolewa bure, kila kigae digrii moja kwa moja. Jinja imo katika kimoja, Mbale na kilele cha Elgon katika kingine, na kila kigae hurudia mstari wa ukingoni wa jirani yake ili visiachane. Fraktali ikapewa kibarua kidogo tu: kukwaruza ardhi kati ya kipimo na kipimo, maana vimepishana takriban mita 30.

Shemeji akaendesha tena. Elgon moja, mahali pake. Akaridhika. Kisha akasogeza kidole hadi kwenye mteremko wenye kahawa ya marehemu baba yake, shamba dogo lililogawiwa ndugu wote, akamuuliza kijana kwa upole kama kile kigae cha kurudiarudia bado anacho.