Spika Mbili za Mbele

JUMATATU
Malipo ya korosho yameingia. Nimenunua sabufa: boksi moja la besi na spika mbili za mbele. Spika nimezipanga kabatini, kila upande wa TV, migongo ukutani, kwa kuwa waya uliishia hapo. Boksi nimelisukumia kona ya mlango. Saa mbili usiku Mjomba amekuja kusikiliza bei za mnada wa korosho wa chama cha ushirika cha RUNALI. Mwisho wa bei msomaji wa habari amesema mia tatu, Mjomba kasikia mia tano. Nimeongeza sauti hadi 40. Kikombe kimetetemeka kabatini, kikaanguka, kikavunjika mkono. Mjomba ameondoka na mia tano yake.

JUMANNE
Asubuhi nimekwenda kwake kumsahihisha bei. Amenyamaza kidogo, kisha akauliza kwa nini redio yake ya zamani ilisema wazi zaidi. Ni swali la haki. Nimerudi nikalitoa boksi kwenye kona. Kuta mbili na sakafu zinapokutana zote huikuza besi, ikavuma na kufunika maneno. Nimelisogeza hatua mbili kutoka kona. Mvumo umepungua. Usiku mtoto amejikwaa kwenye boksi akiendea maji. Goti limechubuka.

JUMATANO
Uzee huanza kuchukua sauti nyembamba: s, f, t, sh. Ndizo zinazotenganisha neno na neno. Kispika kidogo kinachozitoa hurusha sauti mbele yake kama tochi, na kabatini kilikuwa kinamulika juu ya kichwa cha Mjomba. Nimeziteremsha spika juu ya stuli mbili za jikoni, usawa wa sikio lake akiwa amekaa. Saa moja jioni mke wangu ametaka stuli yake asonge ugali. Nimempa. Spika ya kulia imesikiliza taarifa ya habari ikiwa sakafuni.

ALHAMISI
Nimeazima matofali ya kuchoma kwa jirani, nikajenga viguzo viwili. Umeme umekatika saa kumi na mbili jioni, nikapima kwa futi kamba na tochi ya simu. Kanuni ni pembetatu yenye pande sawa: kutoka spika hadi spika, na kutoka kila spika hadi kwa msikilizaji, umbali uwe mmoja. Hivyo ndivyo unavyosema pia mwongozo wa ITU, shirika la kimataifa la mawasiliano: nyuzi 30 kila upande wa mstari wa katikati. Kwangu imekuja mita 2.2. Waya wa kushoto umepungua kama hatua moja. Umeme umerudi saa nne, Mjomba ameshalala.

IJUMAA
Fundi ameunga waya. Nimewasha: besi imenyauka, na sauti ya msomaji haina kwao, iko chumba kizima. Nimehangaika hadi adhuhuri. Kumbe kwenye kiungo nyekundu imekutana na nyeusi. Spika moja ilikuwa inasukuma hewa wakati mwenzake anaivuta, zikafutana. Nimegeuza nyaya. Msomaji amerudi katikati ya TV, ingawa pale katikati hapana spika. Mwaka 1931 mhandisi Mwingereza Alan Blumlein alikerwa sinemani kuona mwigizaji yuko upande huu wa skrini na sauti yake inatoka upande mwingine. Desemba ya mwaka huohuo aliomba hataza ya mfumo wa njia mbili za sauti. Kazi yake ndiyo niliyokuwa nimeiharibu kwa waya mmoja.

JUMAMOSI
Mechi ya timu ya Namungo. Wamekuja majirani saba. Kochi limesogezwa, watoto watatu wamekaa mbele ya spika ya kushoto, mmoja ameegemea tofali. Kipindi cha pili mvua imepiga bati, hakuna aliyesikia mtangazaji. Dhidi ya bati hakuna kipimo. Walipoondoka nimekuta mwangwi wa chumba kitupu, saruji chini, kuta tupu. Nimetandika mkeka mbele ya spika na kutundika pazia zito ukuta wa nyuma. Nikipiga makofi, sauti hairudi tena kama mwanzo.

JUMAPILI
Nimeweka alama ya chaki sakafuni, na kiti cha Mjomba juu yake. Amekuja saa mbili kasoro. Shikamoo, marahaba. Amekaa. Taarifa imesomwa yote, hajaniuliza neno. Bei ilipotajwa ameirudia mwenyewe, sawasawa, akaiandika kwenye karatasi.

"Mjomba," ameniambia, "leo huyu bwana anasemea mdomoni mwake."

Sauti ilikuwa 18.

Mwenye mzee nyumbani na spika mpya mkononi, aanze na kiti cha mzee. Kijulikane kilipo, na sikio lake liko kimo gani. Kisha apange spika, na anunue waya wa kutosha.