Sifa za Kukonvati

Pwani yetu hii kila kitu kina msifiaji wake: pweza, madafu, hata mgeni rasmi aliyefika saa tatu kasorobo kwenye shughuli ya saa mbili. Kazi ya kukonvati video ili ichomwe kwenye DVD haina hata mmoja. Mimi niliyeifanya miaka mingi katika steshenari yangu hapa Makurunge naomba dakika 2 niisifu, ingawa yenyewe haijawahi kunichukulia chini ya saa 3.

Sifa yake kuu ni usawa. Mwaka 1967 Azimio la Arusha lilileta kutaifishwa kwa mabenki, likatuachia nukta za picha. Kukonvati hakukuziacha. Kijana anakuja na simu ya bei mbaya, picha yake ya 4K ina nukta zaidi ya milioni 8. DVD haina makuu: upana nukta 720, kimo 576, yatosha. Kwa kila nukta 20 alizokuja nazo anaondoka na 1. 19 zimekwenda kwa umma. Mwenye simu ya nukta milioni 2 tu anahurumiwa: katika kila 5, anabakiwa na 1. Wote wawili wanafika kwenye TV ya chogo wakiwa ndugu. Bibi harusi, shehe, diwani na mbuzi wa pilau, ukungu wao ni mmoja, na hakuna wa kumwambia mwenzake sogea. Vijiji vya Ujamaa vilihitaji malori. Mimi nabonyeza kitufe.

Sifa nyingine nazipitia mbio. Kukonvati hukondesha: picha pana ikibanwa iingie kwenye chogo, mashangazi wote hurefuka na kupungua bila kufunga hata siku moja. Hufundisha dua, hasa inapofika asilimia 97 huku mawingu yakitanda upande wa Ruvu. Tena hu... jamani, asilimia 97! Laptopu imehema tangu asubuhi, betri ilishakufa, umeme unakatika, na ukirudi tunaanza sifuri. Nikimaliza, deki ya mteja inagoma kusoma, na mwizi ni mimi!

Samahani. Tulikuwa kwenye sifa.

Ya mwisho niliijua kupitia kikundi cha wakulima wa mpunga kilichoomba mkopo. Ofisi moja ya mjini ikajibu kwa barua: video ya shamba iletwe kwenye DVD, nakala 3. Nikakonvati, nikachoma kwa spidi ndogo zisikwame, nikaziandika kwa makapeni, tukapanda gari. Kijana wa mapokezi akagonga mhuri kwenye bahasha zote 3, kisha akainama kwa adabu.

"Mzee wangu, kompyuta zetu hizi hazina pa kuingizia diski. Hamna kwenye simu? Nirushie WhatsApp."

"Sasa barua iliomba DVD ya nini?"

"Utaratibu, mzee."

Nikamrushia. Wiki ya tatu tukarudi kuulizia. Tukaambiwa mhusika yuko semina, na tukaombwa tuzichukue diski zetu, kabati limejaa.

Leo zinaning'inia kwa kamba katikati ya mpunga, zikizunguka na upepo, zikimweka juani. Kwelea kwelea wakitua, wanazitazama mara moja tu, wanaruka. Ni wao peke yao, kati ya wote waliofikiwa na DVD ile, walioitazama na kuchukua hatua.