Lushoto Hakuna Bahari

Ufukweni Ushongo, pale ngalawa zinapovutwa juu kuepuka maji ya bamvua, kuna bango linalosema: KUEGESHA NGALAWA HAPA. Wavuvi wetu ni watu watiifu. Ngalawa zimejaa pale mpaka mtu hana pa kupita na ndoo yake ya samaki.

Bango hilo lilipowekwa lilikuwa na neno moja zaidi, MARUFUKU. Mtengenezaji aliliweka jekundu peke yake, mengine yote meusi, ili limshtue msomaji. Jua la pwani halishtuki. Katika wino wa mashine za kuchapia mabango, rangi ya waridi na ya njano ndizo zinazowahi kufifia, na wekundu hupatikana kwa kuzichanganya hizo mbili. Ndiyo maana picha za wagombea zinazosahauliwa kwenye nguzo baada ya uchaguzi hugeuka buluu, wakawa kama watu waliokaa majini usiku kucha. Basi neno lililobeba amri likaondoka kwanza, na yaliyobaki yanaamrisha kinyume chake kwa bidii kubwa.

Mambo ya herufi sikuwahi kuyafuatilia mpaka mpwa wangu alipochumbiwa, nikatiwa kwenye kamati ya harusi. Kazi niliyopewa ilikuwa kwenda Pangani mjini, kuvuka na kivuko kutoka Bweni, kushughulikia kadi. Kijana wa steshenari alinipokea kwa heshima.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Nataka kadi zinazosomeka."

"Mzee wangu, humu ndani nina fonti zaidi ya elfu. Wewe chagua tu."

Nikamwambia moja itanitosha. Alinitazama kwa huruma, kama ninaomba harusi isiyo na pilau. Nilikuwa nimefuatana na shangazi wa bibi harusi, msimamizi wa mapambo, naye alikwisha kuamua kwamba herufi lazima "zicheze". Kura zikapigwa papo hapo dukani. Kijana naye akapiga ya kwake. Nikashindwa.

Zikaanza kadi za mchango. Namba ya simu ya mweka hazina iliandikwa kwa tarakimu zenye mikia, moja ikawa na ndoano kichwani na saba ikawa na ndoano ileile. Ndugu yetu mmoja wa Muheza akatuma mchango wake. Simu ikamwonyesha jina la mpokeaji kabla ya kuthibitisha, akaona ni la mwanamume, akasema moyoni huyu ndiye mweka hazina, akabonyeza. Mpokeaji alikuwa muungwana: alijibu ahsante na kuwaombea maharusi kheri. Fedha hakurudisha.

Kadi za mwaliko zikawa kubwa zaidi kwa uzuri na kwa hasara. Majina ya maharusi yalikuwa kwa mwandiko wa kupinda, tarehe kwa fonti nyingine, saa kwa nyingine, na chini kabisa, mahali pa sherehe, mwandiko wa kupinda tena, safari hii kwa herufi kubwa tupu. Hapo ndipo penye kosa ambalo kila mchapaji wa zamani angelikataa. Herufi kubwa ya mwandiko wa namna ile imechorwa isimame peke yake mwanzoni mwa neno, ipate nafasi ya kutupa mikia, halafu ndogo zifuate kwa adabu. Ukizipanga kubwa saba mfululizo, kila moja inataka kuwa bwana harusi. Katika USHONGO yetu, U ilianza kwa mkunjo mrefu uliofanana na L. N na G zilikumbatiana zikazaa T.

MC alikuwa anatoka Dar es Salaam. Siku yenyewe mchana akanipigia.

"Mzee, nimefika Mombo, naanza kupanda mlima. Ukumbi uko kabla ya Soni au baada?"

"Uko kando ya bahari, baba."

"Bahari ipi tena? Huku wenyeji wananiambia kuna kabichi."

Alitakiwa akunje kulia pale Segera aelekee Muheza. Alitufikia usiku, sweta begani, sufuria zikisuguliwa, akashika maikrofoni kuwatakia wageni safari njema. Malipo alidai kamili, akatoa kadi kama ushahidi. Tulipoitazama vizuri chini ya taa tukamlipa.

Tangu hapo siwezi kupita penye tangazo bila kulikagua. Nimeona tangazo la msiba limeandikwa kwa Comic Sans. Fonti hiyo aliichora Vincent Connare wa Microsoft mwaka 1994, baada ya kuona mbwa wa katuni kwenye programu ya kompyuta akizungumza kwa Times New Roman, herufi zilizobuniwa kwa ajili ya gazeti la London na kuanza kutumika mwaka 1932. Aliona mbwa hakustahili herufi nzito kiasi kile. Hoja yake ilikuwa sahihi kabisa. Marehemu naye hakustahili herufi za mbwa.

Kusomeka kwa herufi kunapimika. Waingereza walipotaka vibao vipya vya barabarani, kazi ya Jock Kinneir na Margaret Calvert, watu waliketishwa kwenye uwanja wa ndege, gari likawajia na kibao juu ya paa, ili ijulikane wanaanza kusoma kutoka umbali gani. Sisi uwanja wa ndege wa kuchezea hatuna, lakini ufuko wa kutembea mpaka uchoke tunao.

Na walimu tunao. Kanga imeyajua haya zamani: maneno machache, herufi kubwa zisizo na mikia, mstari mmoja, na nafasi yake tupu juu ya pindo. Jirani anaisoma wakati unaondoka, na anajua ni yeye aliyelengwa. Fundi anayeandika majina ya mashua hapa kijijini naye hana kompyuta. Hupiga nyeupe juu ya buluu, herufi nene, zimeachana sawasawa. Nilimwuliza kwa nini haweki vivuli na mapindo kama vijana wa mjini.

"Mjomba," akanijibu bila kuinua brashi, "chombo chenyewe kinayumba. Na herufi ziyumbe?"

Vijana wa steshenari, nawaombeni. Fonti mbili kwa kadi moja zinatosha, na mwandiko wa mikia uwe wa majina ya maharusi tu. Namba za simu ziandikeni wazi, moja isifanane na saba. Neno lenye amri lisipewe wekundu peke yake juani. Na kabla ya kuchapa, bandikeni kadi ukutani, mwiteni bibi yeyote anayepita bila miwani, asome kwa sauti. Akisema Lushoto, rudini kwenye kompyuta.