Kiazi Kimepandishwa Cheo

Nyumbani kwangu kiazi kitamu kimepandishwa cheo, na mimi sikushirikishwa. Miaka yote kilikuwa mtumishi wa asubuhi. Kinachemshwa na maganda yake, kinatiwa kwenye hotpoti, unakimenya huku vidole vinaungua, unashushia na chai ya rangi, unatoka kwenda kuhangaika na dunia ukiwa umeshiba. Ramadhani ikiingia kilipata na zamu ya jioni: jirani anakiunga kwa tui la nazi, anatuletea bakuli la futari, na bakuli halirudi tupu. Mambo yalikuwa hayo tu. Hakuna aliyekiita chakula cha afya.

Siku hizi kinaletwa usiku, kimelala ubavuni mwa sato kwenye zile sahani za wageni. Kimeokwa. Kimepakwa asali. Kimenyunyiziwa mdalasini, na juu ya mdalasini ufuta, na juu ya ufuta jani la kotimiri ambalo hakuna anayejua linafanya nini pale. Nikiuliza ugali uko wapi naangaliwa kama niliyemtaja marehemu kwenye harusi.

Chanzo ni muuguzi. Nilikwenda kliniki kwa ajili ya presha, na yeye kwa kuwa alikuwa na nafasi akanichoma kidole akapima na sukari. "Mzee wangu, imeanza kupanda kidogo. Punguza wanga." Maneno mafupi, ya heshima, wala hakutaja kiazi. Lakini nilikuwa nimesindikizwa na binti yangu wa mwisho, na yule mtoto akisikia neno moja la daktari anaongezea mengine ishirini njiani. Tulipofika nyumbani serikali ya jikoni ilikuwa imeshabadilika. Ugali wa usiku ukafutwa, kikaletwa kiazi. Yaani wanga umetolewa mlango wa mbele, umezunguka nyumba, umeingia mlango wa uani umejipaka asali.

Nikalisema hilo mezani, tena kwa upole. Nikajibiwa: "Baba, asali ni ya asili."

Hata upupu ni wa asili, mwanangu.

Shirika la Afya Duniani lilipotoa mwongozo wake wa sukari mwaka 2015 halikuihurumia asali. Liliihesabu pamoja na sukari ya dukani na ile ya kwenye juisi, likasema hizo zote jumla zisizidi asilimia 10 ya nguvu anayopata mtu kwenye chakula cha siku, na zikishuka chini ya asilimia 5 ni bora zaidi. Hiyo asilimia 5 kwa mtu mzima ni karibu vijiko 6 vya chai. Nilisimama nikawasomea kwa sauti. Mama watoto akajibu kutoka jikoni, bila hata kugeuka, kwamba vijiko 6 mimi huwa nimeshavimaliza kwenye chai kabla jua halijachomoza vizuri. Ndiyo taabu ya kuoa mwanamke aliyefundisha hesabu shule ya msingi.

Tuiache asali kwanza, tuzungumze luku. Oveni yetu ni ya umeme, na kabla kiazi hakijaingia inawashwa ipate moto. Dakika kumi nzima tunaoka hewa! Mita inakimbia, mimi natazama yuniti zinavyoyeyuka, na ndani ya oveni hakuna kitu isipokuwa trei ya keki ya mwaka juzi. Hasira yangu si ya fedha peke yake. Kinachoniuma ni kwamba ule moto wa haraka haraka ndio unaokiharibu kiazi, halafu wanakuja kutafuta utamu kwenye chupa.

Kiazi kitamu kina kiwanda chake cha sukari, hakihitaji msaada wa nyuki. Ndani yake mna kimeng'enya kinachoukata wanga na kuugeuza kuwa maltosi, sukari ileile ya kwenye kimea. Kimeng'enya hicho hufanya kazi kiazi kikishapata moto wa kiasi, ndani kati ya nyuzi 60 na 75 hivi. Kiazi kikikaa hapo muda mrefu, kinajitengenezea utamu chenyewe. Ukikipandishia joto ghafla kimeng'enya kinakufa kazi ikiwa nusu, ndiyo maana kiazi cha kwenye maikrowevu kinaiva vizuri tu lakini ukikila unajiuliza kimekosa nini. Kwa hiyo dawa ni kukiingiza kizima, na ganda lake, kwenye oveni ambayo bado ni baridi, uweke nyuzi 180, ukiache saa moja au zaidi kulingana na unene. Umeme wa kuoka hewa utakuwa umeokoka, na asali itabaki kabatini.

Sisi tuliochunga ng'ombe Usukumani hatukuwa na kipimajoto, ila mambo hayo tuliyajua. Asubuhi unafukia viazi kwenye jivu la moto, si kwenye makaa, jivu. Unaondoka kwenda kuwazuia ng'ombe wasivamie shamba la watu. Ukirudi unafukua kimoja kwa kijiti, unakipigapiga pajani jivu lidondoke, unakipasua. Mvuke unakupiga usoni. Ganda limeachana na nyama, na pale jembe lilipokijeruhi wakati wa kuvuna, utomvu umetoka ukaungua, ukaganda kuwa kigaga cheusi chenye kunata menoni. Kigaga hicho ndicho tulichopigania. Kiazi chenyewe kilikuwa cha kushibia, kigaga kilikuwa cha mbabe. Asali kijijini ilikuwepo, lakini mwenye asali alikuwa na mizinga, na mwenye mizinga hakuwa na subira na watoto.

Kuna jambo jingine nalishuku kuhusu hii asali. Viazi vyetu vinanunuliwa sokoni kwa fungu, na fungu ni elimu ya peke yake. Mbele vimesimama vile vinene, vilivyonyooka, vimeoshwa vinang'aa. Nyuma, mahali ambapo jicho halifiki mpaka ukalipe, kimeegeshwa kimoja chenye vitundu vidogo vyeusi. Hicho kimeshapata mgeni, fukusi. Fukusi akikitoboa, kiazi kinajihami kwa kutengeneza uchungu, na uchungu huo hautoki kwa kupikwa. Ukikichemsha hivi hivi unaujua kwa tonge la kwanza, unakitupa, maisha yanaendelea. Ukikipaka asali na mdalasini unafika katikati ya sahani ndipo ulimi unakuambia kuna njama. Viungo vingi kwenye chakula cha kawaida huwa vinaficha kesi.

Viazi vyenyewe ni viazi lishe, vile vya rangi ya chungwa ndani. Hapo sina ugomvi mkubwa. Vina beta-karotini, ambayo mwili unaigeuza kuwa vitamini A, na mwili unaipokea vizuri zaidi pakiwa na mafuta kidogo. Kwa hiyo kile kijiko cha mafuta ya alizeti wanachopakia nimekipitisha bila mjadala. Mwaka 2016 Tuzo ya Chakula Duniani ilikwenda kwa wataalamu wanne, watatu kati yao wakiwa watu wa viazi lishe, na mmoja ni jirani yetu wa Uganda, Robert Mwanga. Nawapongeza wote. Kiazi chenyewe sijasikia kama kilialikwa.

Lakini tuambiane ukweli: viazi lishe ni laini, na vingi vina maji. Binti yangu anavikata vidogo vidogo, anavijaza trei moja vikibanana, ili visitumie umeme mwingi, anasema, sasa ndiyo anakumbuka umeme. Vikibanana vinatoa mvuke na kuchemshana. Vinatoka vimelegea, vimekata tamaa. Kiazi cha kuoka kwa vipande kinataka nafasi. Na kama uamuzi ungekuwa wangu ningeagiza vile vya Gairo. Aliyewahi kupanda basi la Dodoma anavijua, vinapangwa kando ya barabara kwa ndoo na magunia, na abiria wa dirishani anageuka dalali wa basi zima. Kiazi kikavu, chenye unga, kinachokukaba koo mpaka uombe maji. Kiazi chenye msimamo.

Nimewapa masharti yangu, mdomo kwa mdomo, maana ya maandishi yangepotea. Kioshwe, kisimenywe. Kikatwe vipande vya unene wa kidole gumba. Mafuta kijiko kimoja, chumvi kidogo, kila kipande kilale peke yake, kigeuzwe mara moja. Asali, kama lazima iwepo, iwe kijiko kimoja cha chai kwa trei nzima na iingie dakika za mwisho, kwa sababu asali inaungua upesi na ikiungua inakuwa chungu mdomoni. Kikitoka, kikamuliwe limau na kirushiwe pilipili ya unga, kama wanavyofanya wauza mihogo ya kuchoma pwani, watu ambao hawajawahi kusoma kitabu cha mapishi na hawajawahi kulala njaa. Wamekubali limau. Kijiko kimoja wamekigeuza kuwa "kidogo tu", na kidogo tu ya mama watoto inamwagwa moja kwa moja kutoka kwenye chupa.

Ipo hoja moja kubwa sijaipeleka jikoni, na naomba msomaji anisitiri. Kiazi cha kuchemsha hupandisha sukari ya damu polepole kuliko kiazi cha kuoka. Ndiyo, kile kile cha hotpoti, cha chai ya rangi. Kwa hoja hiyo ningeishinda kesi nzima kwa kikao kimoja. Tatizo ni zile pembe za kipande cha oveni, zilizokauka zikawa kahawia, zinazolia chini ya meno kabla hujafika kwenye ulaini. Mtu hatakiwi kushinda kesi kwa pupa.

Wiki iliyopita akatufikia shangazi kutoka Magu, na mfuko wa matobolwa, vile viazi vilivyochemshwa, vikakatwa, vikaanikwa mpaka vikawa vigumu vya kutafuna njia nzima, na mwingine wa michembe ya kupika na karanga. Mwanamke ambaye amekula kiazi kwa kila namna inayojulikana Usukumani, pamoja na kwa maziwa mgando. Jioni akawekewa sahani. Akainamia. Akanusa.

"Hiki nini mmekipaka?"

"Asali, shangazi," mama watoto akajibu, kwa tabasamu la mwenyeji.

"Na mdalasini?"

"Na mdalasini."

Shangazi akanigeukia mimi. "Mwanangu, kiazi kina kikohozi?"

Nilicheka mpaka sato akanipalia. Sikuungwa mkono na yeyote. Shangazi akala chote, taratibu, akalamba na vidole, akasema si kibaya ila kimedekezwa. Halafu akaomba aione hiyo asali. Ikaletwa chupa nzima, ya Tabora, ya bei ambayo sitaitaja hapa kwa sababu ya presha. Akaipindua, akatazama inavyoshuka, akaonja kwa ncha ya kidole, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Asubuhi alipoondoka chupa iliondoka naye, kwa ajili ya kifua chake kinachombana wakati wa baridi. Nani atamnyima shangazi dawa?

Mama watoto anaamini nilipanga. Hajasema, lakini chai yangu tangu siku hiyo inakuja na kijiko kimoja cha sukari, kimehesabiwa. Viazi vinaokwa vitupu, kwa limau, na vipo vizuri kuliko wanavyokubali. Ila jana nimemsikia binti yangu akimuuliza mama yake kama maboga nayo yanaingia oveni, na kama ni lazima kuyatia sukari guru au mtu anaweza kutumia tende.