Jani Limegeuka Manjano: Mwongozo wa Kumhudumia Mgonjwa Mpaka Afe

Hongera. Umehamia Cape Town, umepata nyumba yenye kibaraza, umenunua maua ya tunguu, lachenalia na frizia, kwenye vyungu, na leo asubuhi jani moja limegeuka manjano. Cha kwanza kabisa, mwagilia maji. Usiulize swali lolote. Mtu aliyekulia Tanga au Bukavu anajua tangu utotoni kwamba jani likibadilika rangi, mmea una kiu.

Ukikuta udongo umelowa tayari, usirudi nyuma. Ongeza kopo jingine, na kisahani cha chini kijae ili maji yasipotee bure. Hapo ndipo penye ufundi wenyewe. Mizizi ikizama majini hukosa hewa. Ikikosa hewa huoza. Ikioza haiwezi tena kunyonya maji, na jani kule juu linalegea na kupauka kama lililokaa jangwani. Wewe unaona kiu, unarudi bombani. Ukishika utaratibu huu kwa moyo safi, utapata mmea uliokufa kwa kiu ndani ya tope, jambo ambalo si kila mkulima amelishuhudia.

Wapo wakaidi, ni kweli, ambao kabla ya kumwagilia huchomeka kidole kwenye udongo, au hukinyanyua chungu wapime uzito wake. Wengine hawana haya hata kidogo: hukimimina chungu chote juu ya gazeti na kukagua. Mizizi myeupe iliyokaza wanasema ni mizima. Ya kahawia, ambayo ukiivuta inavuka ganda na kubaki kama uzi, imeoza. Tunguu nalo hulibonyeza kitakoni kwa dole gumba, na likibonyea hulinusa. Hawa wamefundishwa na nyani. Nyani wa milima ya Cape akitaka kujua habari za babiana, ua jingine la tunguu, hahangaiki na majani. Anafukua tunguu, analitazama, halafu analila. Wewe ni mstaarabu, tibu jani.

Maji yakishindwa, tia mbolea. Ncha zikigeuka kahawia, ongeza. Inasemekana chumvi ya mbolea iliyorundikana kwenye chungu ndiyo huziunguza ncha, na kwamba dawa yake ni kupitisha maji safi mengi yatokee tundu la chini, lakini mfuko umeshaununua. Vilevile usipoteze muda kutazama ni jani lipi lililoanza. Watu wanaotazama husema manjano yakianzia majani ya zamani, ya chini, huenda naitrojeni imepungua; yakianzia majani machanga huku mishipa ikibaki ya kijani, mmea unakosa madini ya chuma. Ubaguzi wa namna hiyo wa nini? Yote ni majani.

Usiligeuze jani, maana chini yake unaweza kukuta utando mwembamba na utitiri, ukaharibikiwa na siku. Shingoni mwa tunguu pia usichungulie, vidung'ata hupenda kujificha hapo. Na ukiona michirizi iliyopauka ikipishana na kijani katika jani zima, huenda ni virusi, ambavyo havina dawa. Anayejali huutupa mmea huo mbali na wenzake kabla vidukari hawajasambaza. Wewe ukate vipande, kwa kisu kilekile, uwagawie majirani.

Sasa kuna suala la kalenda, ambalo ningependa ulipuuze kabisa. Mvua za Cape huangukia zaidi kati ya Mei na Agosti, ndipo mimea hii huota, hushiba na kuchanua kuelekea Septemba. Jani likigeuka manjano mwezi Julai, baridi na mvua zikiwa zimepamba moto, kuna sababu ya kushtuka. Lakini Oktoba na Novemba majani yote huanza kukauka kwa pamoja, kuanzia nchani, kwa sababu tunguu linavuta chakula chake chini na kujiandaa kulala kiangazi chote. Mgonjwa huyo haumwi. Kwa hiyo mkatie majani yangali mabichi, kibaraza kipendeze: utakuwa umemnyang'anya akiba ya maua ya mwaka ujao. Kisha mmwagilie Januari, jua likiwa kali na chungu cheusi cha plastiki kikichemka, na uozo utamaliza kazi.

Kama umegoma kufuata mwongozo huu, basi mwezi Desemba utabaki na chungu cha mchanga mkavu. Kisogeze kivulini pasipofikiwa na maji, ukiandike jina, kisha kaa chonjo na jirani, maana ni mtu mwema na atapita na kopo. Akikuuliza umepanda nini humo, mwambie kokoto, na kwamba mwaka huu zimekubali vizuri sana.