Elimu ya Kugonga Tikiti

Miongoni mwa mazao ya bustani za nyumbani katika viunga vya Dar es Salaam, tikiti maji ndilo lenye wataalamu wengi kuliko walaji, kwa kuwa ganda lake halibadiliki rangi waziwazi linapoiva, na kila mwenye kidole hujiona ana haki ya kulihoji. Kosa la kulichuma mapema halina tiba: ndizi iliyokatwa mbichi huvundikwa, yaani hufunikwa mahali penye joto hadi iive, ilhali utamu wa tikiti hukoma kuongezeka linapotengwa na mmea, hata likilazwa uvunguni wiki nzima.

Njia inayopendwa zaidi ni kugonga, ambapo mlio mkali huhesabiwa kuwa dalili ya ubichi na mlio mzito dalili ya kuiva. Njia hii si ya uongo, ila huhitaji sikio lililozoea, na kila mwanakaya huamini kwamba sikio hilo ni lake. Baba hugonga kabla ya kwenda kazini, shangazi aliyekuja kusalimia hugonga akiwa amefumba macho, jirani huvuka ua bila kuitwa ili atoe hukumu ya rufani, na mtoto, asiyeridhishwa na hoja za wakubwa, huchonga kidirisha kwa kisu cha jikoni, akachungulia na kukifunga, bila kujua kwamba sisimizi nao wana utafiti wao.

Ishara zinazoaminika zaidi hazina kelele. Kikono, yaani uzi uliojiviringa ambao mmea huutumia kujishikiza, hukauka pale kilipo jirani na tunda lililoiva, na baka lililolalia udongo hugeuka kutoka weupe kuwa manjano. Hupuuzwa kwa sababu moja tu, kwamba hakuna aliyewahi kusifiwa ujuzi kwa kutazama uzi mkavu. Hata kalenda ingefaa, maana aina ya Sugar Baby huwa tayari takriban siku 75 hadi 85 baada ya kupandwa, lakini tarehe ya kupanda kwa kawaida huandikwa kwenye pakiti ya mbegu, nayo pakiti hutumika kuwashia mkaa.

Hatimaye tikiti hupasuliwa mbele ya jopo zima, na likikutwa jeupe, wagongaji wote hukubaliana kwa mara ya kwanza: mwenye makosa ni muuza mbegu.