Seva Iliyodhani Iko Msamvu

Ijumaa saa tisa alasiri umeme ulikatika Morogoro, ukarudi baada ya dakika kumi. Mimi nipo Dar, kilomita karibu 190, na sahani ya chipsi mayai mezani. Dada wa uhasibu wa ofisi ya huko akapiga: folda za seva hazifunguki, printa imenuna.

Ugonjwa huo naujua. Windows Server kila ikiamka hujiuliza iko wapi. Ikiisikia domeini yake, inajua iko nyumbani, inavaa profaili ya domeini na fayawoli inaacha wazi milango ya folda na printa. Isipoisikia, inajihesabu iko hadharani na kujifungia. Siku ile ruta ilichelewa kuamka. Seva ikaita, kimya. Basi ikaamini imeshushwa stendi ya Msamvu: ikakumbatia mkoba wake kifuani, na kila anayeisalimia ikamwona kibaka. Hata ping haikujibu.

Ilibaki bandari moja tu, 3389 ya remoti, iliyokuwa imeruhusiwa kwenye profaili zote. Aliyeiruhusu kinyume cha taratibu simtaji. Anakula chipsi mayai.

Nikaingia. Seva unaweza kuihamisha kwa mkono kutoka profaili ya umma kwenda ya binafsi, lakini ile ya domeini haichaguliwi. Inakuja yenyewe domeini ikishapatikana. Dawa ni kuzima kadi ya mtandao na kuiwasha, inuse upya. Ipo amri inayofanya yote mawili kwa mpigo, Restart-NetAdapter, naijua hata usingizini. Lakini kipanya kilikuwa karibu. Nikabofya Zima.

Skrini ikaganda. Nilihangaika kutafuta Washa sekunde kama tano hivi ndipo nikakumbuka kwamba hiyo Washa iko Morogoro, nyuma ya mlango niliotoka kuupiga kufuli mimi mwenyewe.

Dada wa uhasibu, kusikia kazi imesimama, alikuwa ameshaaga. Nikampigia mlinzi.

“Shikamoo mzee. Ingia chumba cha seva. Unaliona sanduku jeusi?”

“Marahaba. Naliona, mwanangu. Linahema.”

Kubonyeza vitufe vitatu kwa pamoja kulitugharimu robo saa, maana mkono mmoja ulishika simu na wa pili rungu. Tukafika kwenye neno la siri.

“Andika: nimechoka.”

“Pole, mwanangu. Hata mimi tangu usiku sijalala. Sasa niandike nini?”

“Hilohilo, mzee. Nimechoka. Ndilo neno lenyewe. N kubwa, mwishoni 2019.”

Kimya kirefu, kidole kikiisaka N. “Na mabosi wanalijua?”

Alipobofya Washa, haikupita dakika. Seva iliisikia domeini, ikavaa profaili yake, na printa ikaanza kutapika ankara zote za mchana. Mimi sikubadilisha chochote, ingawa kwenye ripoti ya Jumatatu niliandika “marekebisho ya fayawoli”, aya tatu.

Neno la siri nimelibadilisha. Sisemi limekuwa lipi, ila hisia ni zilezile.

Wiki iliyopita umeme ulikatika tena. Kabla sijafungua kompyuta, ujumbe wa mzee ukaingia: “Umeme umerudi. Nimechungulia, ipo nyumbani. Usiguse kitu.”